Aliyekosa Mkesha hajaikosa Pasaka

Kila mwaka, Wakatoliki wengi wa Afrika Mashariki na Kati wanaofanya kazi katika nchi za Ghuba, Uingereza na Marekani huiona Jumapili ya Pasaka ikipita nao wakiwa kazini. Mlinzi wa zamu ya usiku mjini Dubai, mfanyakazi wa nyumbani mjini Maskati ambaye hakuruhusiwa kutoka, muuguzi wa Birmingham aliyekesha wodini usiku wa Jumamosi Kuu: wote hao hufungua simu zao asubuhi na kukuta picha kutoka nyumbani, za kanisa lililojaa mishumaa, watoto waliovaa nguo mpya na kwaya iliyopanga mistari uwanjani. Wengi wao hukata shauri kwamba mwaka huu wameikosa Pasaka. Baadhi, baada ya kuikosa miaka miwili au mitatu mfululizo, huacha hata kuihesabu.

Kwa mujibu wa kalenda ya Kanisa lenyewe, hesabu hiyo ina kasoro. Asubuhi ile ya Jumapili, Pasaka ndiyo kwanza imeanza. Makala haya yanaeleza kipindi hicho kinavyopangwa, sheria ya Kanisa inamtaka nini mtu asiyeweza kufika kanisani, na kwa nini historia ya Wakatoliki wa kwanza wa kandokando ya Ziwa Victoria inawahusu sana wale walio ugenini leo.

Siku hamsini

Kipindi cha Pasaka huanza na Mkesha, usiku wa kuamkia Jumapili, na kumalizika siku ya hamsini, yaani Jumapili ya Pentekoste. Kwaresima, ambayo jina lake limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya arobaini, ni fupi kuliko kipindi kinachoifuata. Hata hivyo, katika parokia zetu nyingi hali huonekana kuwa kinyume. Kwaresima ina majivu, mfungo, Njia ya Msalaba kila Ijumaa, michango na mafungo ya kiroho. Ikifika Jumatatu ya Pasaka, viti vya plastiki vinarudishwa stoo, wanakwaya wanapumzika, na wiki saba zinazobaki zinapita kimyakimya. Tumekuwa hodari wa kujiandaa kwa karamu kuliko kuila.

Siku nane za mwanzo, ziitwazo Oktava ya Pasaka, huadhimishwa kila moja kama sherehe kamili, mfano wa Jumapili moja iliyorefushwa. Wakati wote wa siku hamsini mshumaa mkubwa wa Pasaka huwekwa mahali pa heshima na kuwashwa katika ibada. Baada ya Pentekoste hupelekwa karibu na kisima cha ubatizo, na huwashwa tena kwa ajili ya wanaobatizwa na kwenye ibada za mazishi. Sala ya Malaika wa Bwana huachwa, na mahali pake husaliwa ile ya Malkia wa Mbingu. Katika Misa za kila siku husomwa kitabu cha Matendo ya Mitume, ambacho ni habari ya watu wachache waliotawanyika kutoka mji wao na kupeleka imani yao kila walikokimbilia. Kanisa la zamani lilikipa kipindi hiki uzito kiasi kwamba Mtaguso wa Nisea, mwaka 325, uliagiza waamini wasali wakiwa wamesimama, si kwa kupiga magoti, kila Jumapili na katika siku zote hadi Pentekoste.

Wale waliofuatilia habari za Roma mwaka 2025 waliyaona haya kwa macho yao, hata kama hawakuyatambua. Papa Francis alifariki dunia tarehe 21 Aprili, Jumatatu ya Pasaka. Alizikwa tarehe 26, kabla Oktava haijaisha. Papa Leo XIV alichaguliwa tarehe 8 Mei. Msiba, maziko na uchaguzi, vyote vilitokea ndani ya Pasaka moja.

Hata Mkesha, ambao kuukosa ndiko kunakowaumiza wengi, haukuwa daima ibada ya usiku kama tunavyoujua. Kwa karne nyingi uliadhimishwa Jumamosi asubuhi, moto mpya ukiwashwa jua likiwa limekwisha kuchomoza. Papa Pius XII aliruhusu urejeshwe usiku kwa majaribio mwaka 1951, na utaratibu huo ukawa wa lazima kwa Kanisa la mapokeo ya Kirumi kuanzia mwaka 1956. Babu na bibi zetu waliobatizwa misheni kabla ya miaka hiyo waliuadhimisha Mkesha mchana kweupe, na hakuna anayesema kwamba hawakuwa na Pasaka.

Tena liko jambo ambalo mhubiri yeyote hulikuta mbele yake Jumapili ya pili. Injili ya siku hiyo ni ileile kila mwaka: habari ya Tomaso. Mitume wamejifungia ndani kwa hofu, Bwana anawatokea jioni ile ya kwanza, na Tomaso hayupo. Injili haisemi alikuwa wapi. Huenda alikuwa amekwenda kutafuta chakula, huenda alikuwa na shughuli ambayo haikuweza kusubiri. Mahubiri mengi hukaa kwenye shaka yake. Ni machache yanayokumbusha kwamba, kabla ya yote, Tomaso alikuwa mtu aliyekosa ibada ya kwanza ya Pasaka, na kwamba siku nane baadaye kikao kilifanyika tena naye akiwamo. Nionavyo mimi, kwa mtu aliyekuwa zamu usiku wa Mkesha hakuna Injili inayomhusu zaidi katika mwaka mzima.

Ijumaa ya Ghuba

Ugumu wa kuadhimisha Pasaka haufanani kila mahali, na ni vyema kuueleza kama ulivyo. Vikariati ya Kitume ya Arabia ya Kusini, yenye makao yake Abu Dhabi, inahudumia Falme za Kiarabu, Oman na Yemen. Ile ya Kaskazini inahudumia Kuwait, Bahrain, Qatar na Saudi Arabia. Bahrain ilikuwa na kanisa Katoliki mjini Manama tangu mwaka 1939, na mwezi Desemba 2021 lilifunguliwa huko Awali Kanisa Kuu la Mama Yetu wa Arabia. Doha ilipata kanisa lake mwaka 2008. Nchini Oman ziko parokia nne: Ruwi na Ghala katika mji mkuu, Sohar kaskazini na Salalah kusini. Makanisa ya Maskati yalijengwa juu ya ardhi iliyotolewa na Sultan Qaboos, kama vile Kanisa la Mtakatifu Maria la Dubai lilivyojengwa miaka ya 1960 kwenye kiwanja kilichotolewa na mtawala wa huko, Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum. Nchini Saudi Arabia hakuna kanisa hata moja, na sala ya asiye Mwislamu hubaki kuwa jambo la faragha.

Wanaokwenda huko kwa mara ya kwanza hushangazwa na wiki yenyewe. Katika nchi nyingi za Ghuba siku za mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Jumapili ya Pasaka ni siku ya kazi kama Jumatatu ilivyo Nairobi au Bukavu. Kwa sababu hiyo makanisa hujaa zaidi siku ya Ijumaa. Na hapo ndipo Juma Kuu linapoleta kinyume chake: Ijumaa Kuu ni siku ambayo Kanisa Katoliki haliadhimishi Misa popote duniani, bali huadhimisha Mateso ya Bwana kwa masomo, kuabudu Msalaba na Komunyo. Mtu ambaye Ijumaa ndiyo siku yake pekee ya Misa katika wiki huikuta siku hiyo, katika juma takatifu kuliko yote, haina Misa. Falme za Kiarabu zilibadili utaratibu mwezi Januari 2022, na sasa Jumamosi na Jumapili ndizo siku za mapumziko serikalini, pamoja na nusu ya Ijumaa. Badiliko hilo liliwafaa wafanyakazi wa ofisini. Mlinzi, dereva na mfanyakazi wa nyumbani hawaendi kwa kalenda ya ofisi.

Kuna pia suala la sheria za kazi. Sheria ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2017 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani iliwapa haki ya siku moja ya mapumziko kila wiki, na iliyochukua nafasi yake mwaka 2022 imeihifadhi haki hiyo. Lakini karatasi ya serikali ni kitu kimoja na ufunguo wa lango ni kitu kingine. Mwenye kukaa na mwajiri mwungwana huenda kanisani. Aliye kwa mwajiri mgumu huweza kumaliza mkataba wa miaka miwili bila kuliona kanisa. Hapa Pasaka si suala la hisia tu. Mtu aliyelelewa akiamini kwamba dini ni kwenda kanisani, akifungiwa njia ya kanisani, huona amefungiwa na Mungu.

Jambo moja huwapa wengi faraja wasiyoitarajia. Mwaka 2025 mwezi wa Ramadhani ulianza katika nchi nyingi za Ghuba tarehe 1 Machi, na Jumatano ya Majivu ikawa tarehe 5 Machi. Mfanyakazi Mkatoliki aliyefunga Kwaresima yake kimya alikuwa katika nyumba ambayo nayo ilikuwa imefunga. Hakulazimika kumweleza mtu yeyote kwa nini mwenye imani hujinyima chakula.

Sheria ya Kanisa inataka nini

Wengi hubeba mzigo mkubwa kuliko ule waliotwishwa. Ni kweli kwamba sheria ya Kanisa Katoliki inamtaka mwamini kushiriki Misa kila Jumapili, na kwamba wajibu huo hutimizwa pia kwa Misa ya jioni ya siku inayotangulia. Lakini kanuni hiyohiyo, ya 1248 katika Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983, ina sehemu ya pili ambayo ni nadra kuisikia ikisomwa. Inasema kwamba pale ambapo padre hayupo, au kuna sababu nyingine nzito inayomzuia mtu kushiriki Misa, inapendekezwa sana ashiriki ibada ya Neno pale ilipo, au atumie muda wa kufaa katika sala, akiwa peke yake, na familia yake, au pamoja na familia kadhaa. Aliyefungiwa ndani hatendi dhambi kwa kutofika kanisani, wala hana haja ya kwenda kuungama kwamba lango lilikuwa limefungwa.

Ipo pia kanuni ya 920, kuhusu kupokea Ekaristi. Mwamini anawajibika kuipokea angalau mara moja kwa mwaka, na wajibu huo unapaswa kutimizwa katika kipindi cha Pasaka, isipokuwa kama kuna sababu ya haki ya kuutimiza wakati mwingine ndani ya mwaka huo. Neno ni kipindi, si siku. Anayepata ruhusa ya kwanza ya kutoka katika wiki ya tano amekuja ndani ya wakati, na kama ruhusa hiyo itakuja mwezi Agosti, sheria imemfikiria pia.

Na Misa ya kwenye simu? Kutazama Misa hakuhesabiwi kuwa ni kuishiriki, kwa sababu sakramenti hutaka mtu awepo. Lakini kwa aliyezuiliwa, ni msaada halali wa sala. Mwaka 2020, Pasaka ilipoangukia tarehe 12 Aprili, makanisa yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya virusi vya korona katika sehemu kubwa ya dunia, na Papa Francis aliadhimisha Mkesha katika Basilika la Mtakatifu Petro likiwa karibu tupu. Kwa mara moja, askofu wa mjini na mfanyakazi wa nyumbani wa Doha walikuwa na Pasaka ya aina moja. Ningependa kuamini kwamba maaskofu hawajasahau ladha yake.

Buganda bila mapadre

Anayedhani kwamba imani haiwezi kudumu bila padre wa karibu atazame Buganda ya karne ya 19. Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la White Fathers, walifika kwa Kabaka Mutesa mwaka 1879, na watu wa kwanza wakabatizwa katika Pasaka ya mwaka 1880. Mwanzilishi wa shirika hilo, Kardinali Lavigerie, alitaka wakatekumeni wafundishwe kwa miaka minne kabla ya ubatizo, hivyo jumuiya ilikuwa changa na ndogo. Mwezi Novemba 1882, mambo ya ikulu yalipochafuka, mapadre waliondoka wote, wakavuka kwenda kusini mwa ziwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Hawakurudi hadi Julai 1885, Mutesa akiwa amekwisha kufariki na mwanawe Mwanga akiwa ameketi mahali pake.

Kwa zaidi ya miaka miwili na nusu, basi, hapakuwa na Misa wala maungamo, na Pasaka za 1883, 1884 na 1885 zilipita bila padre. Walioshika jumuiya ni walei: Yozefu Mukasa Balikuddembe ndani ya ikulu, Andrea Kaggwa katika nyumba yake, Matia Mulumba kijijini Mityana. Walikutana majumbani, wakafundisha waliyoyakumbuka na kusali sala walizozijua kwa moyo. Mapadre waliporudi walikuta kundi kubwa kuliko lile waliloliacha.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Yozefu Mukasa aliuawa Novemba 1885. Mwezi Mei 1886, huko Munyonyo, Karoli Lwanga aliyeshika nafasi yake aliwabatiza vijana wa ikulu waliokuwa bado wakatekumeni, Kizito akiwa mmoja wao, kwa sababu alijua kesho yake haina uhakika. Lwanga hakuwa padre. Katika hatari ya kifo mtu yeyote aweza kubatiza. Walitembezwa hadi Namugongo na kuchomwa moto tarehe 3 Juni 1886.

Siku hiyo husimuliwa kama tarehe tu, bila kutazamwa katika kalenda. Mwaka 1886 Pasaka iliangukia tarehe 25 Aprili, siku ya mwisho kabisa inayowezekana. Ukihesabu kutoka hapo, tarehe 3 Juni ilikuwa Alhamisi ya Kupaa Bwana, siku ya arobaini. Ubatizo wa Munyonyo ulikuwa ubatizo wa Pasaka, uliofanywa mwezi mmoja baada ya Mkesha, pasipo kanisa wala mshumaa. Mashahidi hao 22 walitangazwa watakatifu na Papa Paul VI tarehe 18 Oktoba 1964.

Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973 na tena mwaka 1976 na kuamua kwamba Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe msingi wa parokia, hawakuwa wakianzisha kitu kigeni kwa eneo hili. Nyumba kumi au kumi na tano, Injili ya Jumapili ijayo, mgonjwa wa kumtembelea, mchango wa msiba: huo ndio muundo ambao mwenyeji wa Mwanza, Kisumu au Goma anaujua tangu utotoni. Pia ndio muundo unaosafirika kuliko wote, maana hauhitaji jengo. Mwandishi wa mistari hii ameishi uhamishoni miaka mingi, na ameona watu wanne wakikaa katika chumba kimoja cha kupanga na kitabu kimoja cha masomo, ndani ya Oktava, siku ambayo kila mmoja alikuwa ametoka zamu. Wale wanaosubiri hadi ipatikane Misa ya Kiswahili ndipo wakutane, mara nyingi hawakutani kamwe.

Tahadhari moja ni ya lazima. Katika nchi ambako mikusanyiko ya dini nje ya maeneo yaliyotengwa inaweza kumletea mtu matatizo na polisi au na mwajiri, sala ya watu wawili au ya mtu mmoja inatosha, na hakuna padre wa Ghuba atakayeshauri vinginevyo. Wakimbizi wa Emau, kama mtu akipenda kuwaita hivyo, walikuwa wawili tu, wakitoka mjini kwa huzuni, nao ndio waliomtambua Bwana mezani jioni.

Daftari la nyumbani

Jambo la mwisho ni la kiofisi, lakini lina uzito wake. Mtu akihama, daftari la ubatizo halihami. Sheria ya Kanisa inataka kipaimara, ndoa na upadre viandikwe katika daftari la parokia alikobatizwa mtu, popote vilipofanyika. Anayefunga ndoa Doha au Chicago, habari yake hurudishwa Bukoba au Machakos na kuandikwa pembeni ya jina aliloandikiwa akiwa mtoto mchanga. Ndiyo sababu paroko wa ugenini huomba cheti cha ubatizo kilichotolewa karibuni, si kile cha zamani kilichotunzwa kabatini. Wengi hukasirishwa na usumbufu huo. Ni heri kuagiza cheti hicho mapema, kupitia kwa ndugu atakayekwenda mwenyewe hadi ofisi ya parokia, kuliko kukihitaji wiki mbili kabla ya harusi. Wiki za Pasaka zafaa kwa kazi hiyo, kwa kuwa msongamano wa Juma Kuu umekwisha na karani anapatikana.

Kwa wanaopanga ruhusa na zamu zao mapema: Pasaka ya mwaka 2027 itakuwa tarehe 28 Machi na Pentekoste tarehe 16 Mei, mwaka 2028 Pasaka itakuwa tarehe 16 Aprili na Pentekoste tarehe 4 Juni. Jirani Mwethiopia wa Kanisa la Orthodoksi huweza kuwa na tarehe tofauti, kwani wao hufuata hesabu ya zamani. Mwaka 2024 Pasaka mbili zilipishana kwa wiki tano, na mwaka 2025 zikakutana tarehe 20 Aprili. Pasaka ya tarehe 25 Aprili, kama ile ya mashahidi wa Uganda, ilionekana mara ya mwisho mwaka 1943, na itarudi mwaka 2038.